Daftari Lilivyotuombea Ruzuku

Andiko letu la kwanza la kuomba ruzuku lilikuwa na kurasa 19. Neno "uwezeshaji" lilitokea mara 23. Nililihesabu baadaye, hasira zilipopoa. "Kuboresha ustawi" ilitokea mara 11. Neno "godoro" halikuwemo hata mara moja, ingawa sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuwageuza wagonjwa juu ya magodoro.

Jibu lilikuja baada ya wiki tisa, barua ya aya mbili. Aya ya kwanza ilitushukuru. Ya pili ilisema maombi yalikuwa mengi kuliko fedha zilizokuwepo, tena andiko letu halikukidhi vigezo vya msingi. Basi. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti kikaoni, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Hawa wana watu wao." Wote tukaitikia. Ndilo neno la kwanza linalomjia mtu akinyimwa, na lina raha yake: ukishaamini kwamba wenzio wamepewa kwa kujuana, huna haja ya kulifungua tena andiko lako.

Mimi nililifungua. Wala haikuwa busara. Nilikuwa katibu, nililiandika kwa kukesha siku mbili, na nilitaka kujua ni wapi hasa nilipowaudhi watu wale.

Kazi yetu inaelezeka kwa maneno machache, jambo ambalo andiko lile halikulifanya. Ndani ya nyumba yumo mtu anayemuuguza mzazi aliyepooza, au mume aliyepoteza kumbukumbu, au ndugu asiyeweza kuachwa peke yake. Sisi tunakwenda kukaa na mgonjwa kwa saa tatu ili mlezi apumzike. Ndiyo yote. Hatutibu, hatutoi dawa, hatugawi chochote. Tulianza watu sita, wote tuliowahi kuuguza, na tulijua jambo ambalo asiyeuguza halijui: zile kazi nzito za kunyanyua na kufua mlezi anazizoea. Kinachommaliza ni kulala na sikio moja wazi.

Mfuko tuliouomba ni wa aina inayopatikana sehemu nyingi duniani: mfuko wa jamii unaohudumia mkoa mmoja tu, unaotoa ruzuku ndogo ndogo kwa vikundi kama chetu. Si serikali, si shirika la kimataifa. Nilidhani naujua. Kichwani nilikuwa na picha ya tajiri mmoja aliyekalia sanduku, na kazi yangu ni kumlainisha moyo. Ndiyo maana kurasa nne za mwanzo zilikuwa kilio kitupu.

Chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba mwombaji aliyekosa anaweza kuomba maelezo ndani ya mwezi mmoja. Siku ya tano nikapiga simu. Nilikuja kuambiwa kwamba wengi hawapigi, na wanaopiga hupiga kugombana. Mimi pia nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akapokea dada mmoja, afisa wa ruzuku, sauti ya mtu aliyechoka lakini mwungwana.

"Fomu yenu ninayo hapa mbele," akasema. "Nikuambie ukweli, dada?"

"Niambie."

"Haikufika kwenye kamati. Ilikwamia kwangu."

Akanihesabia. Akaunti yetu ya benki ilikuwa na watia saini wawili, mwenyekiti na mkewe. Katiba yetu haikusema mali za kikundi zitakwenda wapi siku kikivunjika. Katika bajeti tuliomba fedha za kitanda cha kukunja tulichokwisha kukinunua miezi miwili nyuma kwa mkopo wa mwanachama, na mfuko haulipii kilichokwisha kununuliwa. Halafu jumla ya bajeti haikulingana na safu zake. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama nauli za wiki moja. "Hilo la hesabu ningewapigia mkarekebisha," akasema. "Yale matatu, hapana."

Nikamuuliza, na kazi yenyewe je?

"Kazi ni nzuri. Ila mpaka ukurasa wa sita nilikuwa sijajua mnafanya nini."

Nikanyamaza. Akaniuliza swali ambalo nalikumbuka mpaka leo kwa sababu lilikuwa jepesi mno: kati ya wagonjwa mnaokaa nao, wangapi wamepita miaka 60? Nikamjibu papo hapo bila kutazama karatasi: karibu wote, labda mmoja katika kumi ni kijana. "Sasa mbona hukuandika?" Nikamwambia tuliandika "jamii kwa ujumla" kwa kuogopa kuonekana tunabagua. Akacheka kidogo. Hapo ndipo aliponieleza kwamba fedha zile si zao. Mfuko ule ni kama kabati lenye vyungu vingi. Chungu kimoja kiliachwa na familia fulani kwa ajili ya masomo ya watoto. Kingine ni cha kampuni inayotaka miti ipandwe. Kingine kiliachwa na mtu aliyetaka wazee wasikae peke yao. Kila chungu kina masharti yake, na kazi ya afisa ni kushika andiko mkononi na kujiuliza linaingia chungu kipi. "Chungu cha jamii kwa ujumla hatuna," akasema. "Cha wazee mwaka huu kimebaki na fedha."

Nilikata simu nikakaa. Miezi yote ile nilikuwa nikimlilia tajiri ambaye hayupo, na huku yupo mtunza kabati aliyekuwa anatafuta pa kuweka fedha za wazee.

Wazo la kabati hilo nililifuatilia baadaye kwa udadisi wangu tu. Aliyelianzisha ni Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa mkuu wa benki moja ya amana mjini Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Benki yake ilitunza mali za watu waliokufa na kuacha wosia kwamba fedha zao zifanye wema fulani. Tatizo ni kwamba wosia haubadiliki na dunia inabadilika: fedha zinabaki zimefungwa kwa jambo ambalo halina tena mhitaji, na marehemu hawezi kuulizwa. Goff akapendekeza mali hizo ziwekwe pamoja, na kamati ya wananchi ipewe kazi ya kugawa mapato yake, tena iwe na mamlaka ya kugeuza matumizi pale kusudi la mwanzo linapopitwa na wakati. Miji mingine ikaiga. Huko Winnipeg, Kanada, mfuko wao ulianza mwaka 1921 kwa dola 100,000 za mwenye benki mmoja, William Alloway. Zawadi iliyofuata, mwaka 1924, ilikuja ndani ya bahasha: sarafu tatu za dhahabu za dola tano kila moja, kutoka kwa mwanamke ambaye hakutaka jina lake litajwe. Bahasha hiyo huwa naifikiria kila ninapojaza fomu. Inanizuia kuandika upuuzi.

Sasa nirudi kwenye watia saini, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Mke wa mwenyekiti, ambaye wote tunamwita Mama Mwenyekiti, hakuwahi kula hata senti ya kikundi. Kinyume chake, nauli zilipopungua alikuwa akichomoa za kwake bila kumwambia mtu. Aliwekwa mtia saini kwa sababu siku tunafungua akaunti yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kwenda kupanga foleni. Mimi nikaingia kikaoni na karatasi yangu, nikasimama mbele ya watu wote, nikasema, "Tumekataliwa kwa sababu ya saini za mwenyekiti na mama." Nilitamka hivyo hivyo. Ukumbi ukanyamaza.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo sisi ni wezi?"

Aliyeokoa jahazi ni mweka hazina wetu, mzee mmoja mhasibu mstaafu ambaye kwa kawaida husema maneno matano kwa mwezi. Akasema, "Mwenyekiti, kufuli halimkomeshi mwizi peke yake. Linamlinda pia jirani mwema asije akashukiwa." Mwenyekiti akatulia. Mama Mwenyekiti hakusema neno. Akachukua mkoba wake, akatoka kabla ya kikao kufungwa, na hatukumwona kwa miezi miwili.

Sharti lile ni la haki, nalitetea hata leo: watu wawili wa nyumba moja wakitia saini, ni saini moja iliyoandikwa mara mbili. Lakini sharti la haki linaweza kufikishwa kwa njia ya kishenzi, na mimi ndivyo nilivyofanya. Nilikuja kwenda nyumbani kwake kuomba radhi, tena baada ya kusukumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapa unapokaa sasa ndipo ungekuja kwanza." Sikuwa na jibu.

Benki nayo ilichukua wiki tano kubadilisha majina. Walitaka muhtasari wa kikao, wakaurudisha kwa sababu haukuwa na saini ya mwenyekiti katika kila ukurasa, wakautaka tena pamoja na vitambulisho vya watia saini wapya. Tulipomaliza, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa siku nne kabla. Kwa hiyo kama unasoma haya na kikundi chako kina akaunti ya mume na mke, au katiba isiyo na kifungu cha kuvunjika, anza na hayo leo, kabla hujaandika hata sentensi moja ya andiko. Andiko unaweza kuliandika kwa wiki. Benki haina haraka na wewe.

Kukosa dirisha lile kulitupa miezi sita, na katika miezi hiyo ndipo nilipoligundua daftari.

Lilikuwepo siku zote. Daftari la jalada jeusi, kona zimekunjamana, lililoanzishwa na yule yule mweka hazina ambaye hawezi kuona kitu kikitendeka bila kukiandika. Kila aliyekwenda kukaa na mgonjwa alitakiwa kujaza mstari: tarehe, herufi mbili za jina la mlezi, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Safu ya tano haikuwa na kichwa. Mzee aliichora tu kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi. Watu, pasipo kuambiwa, wakaanza kuijaza kwa kuandika mlezi alizitumiaje zile saa tatu.

Alilala. Alilala. Alikwenda kunyolewa. Alilala. Alikwenda benki, akakuta foleni, akarudi. Alipanga kabati. Alilala. Alikaa nje. Alilala kwenye kiti, nikamwamsha nilipoondoka.

Nililisoma lote jioni moja. Ziara 212 kwa miezi 14, saa 618. Mara 97, karibu nusu ya ziara zote, neno lilikuwa moja: alilala. Katika kurasa zangu 19 za uwezeshaji hapakuwa na kitu chenye nguvu kama safu ile isiyo na kichwa, na ilikuwa imekaa kwenye droo ya meza niliyoandikia andiko.

Fomu ya pili ilikuwa na visanduku, kila kimoja maneno 250 na si zaidi. Nilichukia visanduku hivyo kwa siku moja, kisha nikaanza kuvipenda. Swali la kwanza liliuliza tunatatua tatizo gani. Tuliandika: "Kwa miezi 14 tumekaa na wagonjwa mara 212 ili walezi wao wapumzike. Mara 97 mlezi alikwenda moja kwa moja kulala." Halafu tukaeleza walezi ni kina nani, wagonjwa wana umri gani, na nini kinatokea mlezi anapoanguka yeye mwenyewe. Mweka hazina alifuta vivumishi vyote kwa kalamu nyekundu. Nilipinga viwili, nikashinda kimoja.

Pale penye swali la matokeo nilikwama. Nilikuwa nimejaza saa 618 nikidhani nimemaliza. Yule afisa, ambaye wakati huo nilikuwa nampigia bila hofu, akanisahihisha: saa ni kile mlichofanya, yeye anauliza kimebadilika nini kwa mlezi. Tofauti hiyo huwasumbua watu sana, na mafunzo ya maandiko huifunika kwa majedwali yenye majina ya kutisha. Sisi tuliimaliza kwa swali moja: "Wiki iliyopita ulipata saa ngapi za kwako mwenyewe?" Tunamuuliza mlezi siku ya kwanza, tunamuuliza tena baada ya miezi mitatu, tunaandika majibu yote mawili. Wengi siku ya kwanza hujibu "sifuri" kisha wanacheka, kama wameulizwa kitu cha ajabu.

Bajeti nayo tuliijenga upya. Mara ya kwanza tuliomba kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, kwa hesabu ya "wakipunguza, tutabaki na kitu". Mara hii tulianza na nauli: nyumba ngapi, mara ngapi, umbali gani. Tukaongeza mafunzo ya kumnyanyua mgonjwa bila kujivunja mgongo, tukaomba ankara kifani, yaani karatasi ya bei kabla ya kulipa, kwa wakufunzi watatu. Kisha tukabishana juu ya simu na pango la chumba cha ofisi. Mwenyekiti alitaka tuyafiche kwa sababu "wafadhili hawapendi gharama za uendeshaji". Mimi pia niliamini hivyo. Afisa akaniambia kitu kingine: bajeti isiyo na simu wala pango haimwonyeshi kwamba tunabana matumizi, inamwonyesha kwamba kuna mtu analipa na hatumtaji. Tukaandika sehemu ya simu na sehemu ya pango, tukieleza tulivyoikokotoa. Saa za kujitolea za wanachama tukaziweka upande wa mchango wetu wenyewe. Kabla ya hapo hatukuwahi kuona kwamba tuna mchango.

Sera ya ulinzi tuliiona karatasi tu. Mfuko uliitaka kwa sababu tunaingia nyumbani kwa watu wasioweza kujitetea. Tulikaa tukaandika kurasa mbili kwa maneno yetu: ziara ya kwanza hakuna anayekwenda peke yake, hakuna kupokea fedha, hakuna kushika kadi ya benki ya mtu, na ukiona jambo lisilo sawa unamwambia nani siku hiyo hiyo. Haikupita mwezi, mlezi mmoja akampa mwenzetu kadi pamoja na namba ya siri, amtolee fedha, kwa nia njema kabisa. Mwenzetu akasema, "Sheria yetu hairuhusu, baba," na hakuna aliyeona vibaya. Bila ile karatasi angekuwa anamkatalia mtu, au anabeba dhamana asiyoiweza.

Tulipata. Theluthi mbili ya tulichoomba.

Hapa nilijifunza jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote. Ukipewa pungufu, kishawishi cha kwanza ni kusema ahsante na kuahidi kufanya yote yale yale. Mwenyekiti alitaka tufanye hivyo, na kusema kweli, ni tabia ya watu waliozoea kujinyima. Mzee wetu akakataa. Tuliahidi nyumba 24 kwa fedha kamili. Kwa theluthi mbili ni nyumba 16. Tukaandika barua ya kueleza hivyo, mikono ikitetemeka, tukiamini watatunyang'anya. Walijibu siku ya pili: sawa, wekeni 16 kwenye mkataba. Mwisho wa mwaka tulikuwa tumefika nyumba 17, na ripoti ikasomeka vizuri. Kwa fedha zile zile tungeahidi 24 tungeonekana tumeshindwa.

Nisijisifu sana, maana katika ruzuku hiyo hiyo nilifanya kosa la kijinga. Mkufunzi alitupunguzia, fedha ya mafunzo ikabaki. Nikanunua simu mbili zilizotumika kwa ajili ya wanachama wanaokwenda nyumba za mbali. Simu zilihitajika, risiti nilizitunza, roho yangu ilikuwa safi. Sikuuliza. Kwenye ripoti afisa akauliza simu zimetoka fungu gani, nikalazimika kuandika barua ya maelezo ya ukurasa mzima, na kamati ikatujibu kwa onyo la adabu lakini onyo. Fedha ya mafunzo ni ya mafunzo mpaka aliyeitoa akubali vinginevyo. Simu ya dakika tatu kabla ya kununua ingemaliza mambo. Baadaye niliwahi kuomba ruhusa kama hiyo mara mbili, na mara zote mbili nilikubaliwa siku hiyo hiyo.

Mwaka wa tatu mfuko ukaniita mimi kukaa kwenye kamati. Huwa wanachukua wakazi kadhaa wa mkoa, wasomaji wa kawaida, wakae pamoja na wajumbe wao. Nikapewa bunda la maandiko 31 na siku kumi. Ombi letu lilipofika mezani nilitolewa nje. Nilikaa koridoni kama mtoto aliyefukuzwa darasani, nikitazama picha ya mlima ukutani, na nikaona ni sawa kabisa.

Nilikwenda nikiwa na moyo wa huruma kwa waombaji wote. Andiko la 20 liliukuta moyo huo umechoka. Nasema ukweli. Usiku, baada ya kazi ya siku, unafungua ukurasa na mtu anaanza na historia ya umaskini duniani. Unaruka. Unatafuta kwa macho sentensi inayosema "sisi tunafanya hivi, kwa watu hawa, mahali hapa", na usipoiona katika nusu ukurasa wa kwanza, anza kumhurumia mwombaji, kwa sababu msomaji anayefuata hatakuwa mpole kukushinda. Nilikutana na kurasa zangu 19 mara kadhaa, zimeandikwa na watu wengine. Nilikutana na kikundi cha washona nguo kilichoambatisha sera ya kulinda watoto kwenye bwawa la kuogelea, imenakiliwa nzima nzima kutoka mahali fulani na jina la kikundi kingine limebaki katika aya ya tatu. Nilikutana pia na ombi fupi kuliko yote, la kikundi kilichoomba chini ya nusu ya kiwango kinachoruhusiwa, hesabu zimefika mpaka senti ya mwisho. Hilo halikujadiliwa hata dakika tano. Walipewa zote.

Jambo moja liliniuma na linaniuma bado. Maandiko mawili, ya vikundi viwili visivyojuana, yalikuwa na aya moja inayofanana neno kwa neno. Ni mwandishi wa kukodiwa, na aya ilikuwa nzuri. Karibu yake kulikuwa na andiko la kikundi ambacho bila shaka kilifanya kazi kubwa kuliko hivyo viwili, lakini mwandishi wake hakujua kuisema. Mfumo huu unawapendelea wenye kalamu. Mimi mwenyewe nilipata kwa sababu nilipata mtu wa kunielekeza kwenye simu, na kwa sababu mzee mmoja alichora safu ya ziada. Nikalisema hilo kwenye kamati, tukabishana, na wakakubali kujaribu jambo dogo: maombi ya kiwango cha chini yapokelewe kwa mazungumzo ya simu, afisa ndiye aandike, mwombaji asomewe na kuthibitisha. Bado linajaribiwa. Mmoja wa wajumbe wa zamani hakulipenda, alisema asiyeweza kuandika andiko hataweza kuandika ripoti. Nilimwambia aje alione daftari letu.

Mwaka huu hatuombi. Kanuni ya mfuko ni kwamba kikundi kikipata miaka mitatu mfululizo kinakaa pembeni mwaka mmoja, na tulilijua hilo tangu tunasaini mkataba wa kwanza, ingawa tulilisoma kwa jicho moja. Nauli tunazipata kwa michango ya ndugu wa wagonjwa, wengine wanaoishi mbali na wanaona afadhali wachangie kuliko kukaa na deni moyoni. Nyumba zimerudi 11. Tumewaambia wale watano wa mwisho mapema, ana kwa ana, nyumbani kwao, kila mmoja peke yake. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza.

Daftari limefika la nne. Safu ya tano sasa ina kichwa, lakini si kila mtu anaikumbuka, kwa hiyo kila Ijumaa kuna mtu anayepiga simu kwa waliokwenda wiki hiyo na kuwauliza mlezi alifanya nini. Mtu huyo ni Mama Mwenyekiti. Mwandiko wake ni mbaya kuliko wa mganga, mzee wetu anausoma kwa miwani miwili, lakini tangu achukue kazi hiyo hajaruka hata mstari mmoja.